Kiti Kilichoijua Njia

Kila asubuhi ya shule, wauza maziwa wakianza tu kupiga kengele za baiskeli zao mitaani Utemini, mjini Singida, Jenipher alichuchumaa kando ya kitanda cha mdogo wake na kumwambia apande. Eliana aliupitisha mkono wake wa kulia shingoni mwa dada yake. Mkono wa kushoto ulining'inia tu, na miguu vilevile, maana homa ya utotoni ilimwachia mkono mmoja na kichwa chepesi cha hesabu, basi. Mama yao alimfunga kwa khanga mgongoni kwa Jenipher, akaikaza sawasawa, kisha akajitwika madumu yake ya mafuta ya alizeti kwenda sokoni.

Njiani watoto wa jirani walikuwa wameshawazoea. Wapo waliomwita Jenipher "Basi la Utemini", wapo waliouliza kama kuna siti. Jenipher aliwajibu kwamba gari limejaa, akaendelea kupanda kilima kati ya yale mawe makubwa, jasho likimtiririka, na Eliana akimfuta kwa kiganja. Eliana alikuwa na miaka kumi na miwili sasa. Miguu yake ilikuwa imeanza kugonga magoti ya dada yake.

Baba yao alikuwa dereva wa shirika la umma. Shirika lilipouzwa kwa watu binafsi, yeye na wenzake wengi walipunguzwa kazini. Akaenda kutafuta riziki machimboni, na habari zake zikakatika huko. Kwa hiyo mgongo wa kumbeba Eliana ulikuwa mmoja tu, na mwaka ule mgongo huo ulifaulu darasa la saba.

Jenipher alichaguliwa kwenda sekondari ya bweni, upande wa Iramba. Majirani walikuja kumpongeza, mama akachinja kuku. Eliana alipewa paja, akalila bila kuisikia ladha yake. Kulikuwa na jambo ambalo hakuna aliyelitamka mle ndani: Januari shule zikifunguliwa, nani atamfikisha yeye darasani? Mama mgongo wake ulikuwa umeshaharibika kwa madumu. Bila wa kumbeba, yeye na shule ndiyo wameachana.

Tegemeo lilibaki moja. Pale pale Utemini kulikuwa na kituo cha watoto wenye ulemavu, ambako Eliana alipelekwa kila mchana kunyooshwa viungo. Katikati ya mwaka ule kontena la misaada lilikuwa limeshusha pale kituoni mitumba, magongo, na viti viwili vya magurudumu vinavyokwenda kwa umeme. Kimoja kilikuwa cha kawaida. Kilikuwa na betri, na fimbo fupi pale unapoegemeza mkono. Ukiisukuma fimbo mbele kinakwenda, ukiiachia kinasimama. Hicho kilifungiwa stoo kikiwa bado na nailoni yake. Cha pili kilikuwa cha kujifunzia, na hicho kilikuwa na maajabu yake.

Mwalimu Yunisi, ambaye alikuwa amepelekwa Moshi kufundishwa namna ya kukitumia, aliwakusanya watoto barazani akawaeleza. Chini ya kiti kuna kisanduku chenye macho yanayouona utepe mweupe uliobandikwa sakafuni. Nyuma ya kiti kuna swichi ya kuzungusha, yenye alama tatu. Swichi ikiwa kwenye alama ya juu, mtoto anaisukuma fimbo mara moja tu, na kiti kinaufuata utepe chenyewe, kinakata kona chenyewe, na kikikaribia kumgonga mtu kinasimama na kulia pii. Alama ya kati, mashine inafanya nusu na mtoto nusu. Alama ya chini, mashine inalala, na dereva ni mtoto mwenyewe.

"Hii inaitwa roboti," alisema Mwalimu Yunisi. "Kazi yake ni kuwashika mkono mpaka mjue, halafu iwaachie. Atakayefika getini kwa alama ya chini, ndiye atakayepewa kile kilichoko stoo, aende nacho kwao."

Watoto hawakulipenda jina la roboti. Waliiita Mjomba, kwa kuwa mjomba ndiye anayekudekeza.

Wengi pale kituoni walikuwa na mikono mizima, na baiskeli za kuzungusha kwa mikono ziliwatosha. Waliohitaji kiti cha umeme walikuwa wawili tu. Mmoja ni Eliana. Wa pili ni Anselm, mvulana wa Kintinku aliyekuwa akilala bwenini hapo kituoni. Mikono ya Anselm ilirukaruka bila kumwomba ruhusa, na maneno yalimtoka kwa kuvutwa. Lakini yakishatoka yalikuwa na pilipili. Kwao Kintinku padri alikuwa ameshakubali kwamba betri ichajiwe kwa jenereta ya zahanati, kwa hiyo naye alikuwa na hamu ya kile kiti kama Eliana.

Anselm alimsumbua Mjomba siku chache tu, kisha akaomba swichi ishushwe. Alipanda juu ya vitalu vya maua. Aligonga nguzo ya baraza, akarudi nyuma, akaigonga tena. Siku moja aliingia jikoni badala ya darasani, na mpishi akamwuliza kama amekuja kupekecha mlenda. Watoto walicheka mpaka wakalala chini, na Anselm akacheka nao, akageuza kiti, akagonga mlango akitoka.

Eliana hakupenda kuchekwa. Mwalimu alipompa alama ya juu, alipita barazani kama bibi harusi, kichwa juu, na wageni waliokuja kukiona kituo walimpigia makofi. Mwalimu aliposhusha swichi, kiti kiliyumba, na mkono wake ukaona aibu. Siku ya kwanza alisema bega linamuuma. Siku ya pili akasema kidole kimekufa ganzi. Mwalimu Yunisi, mama mwenye huruma, alimpandishia swichi akisema watajaribu kesho. Bega halikuwa na kitu. Kesho zikafuatana hivyo, na makofi ya wageni yakamfanya Eliana aanze kuamini kwamba yanapigwa kwa ajili yake.

"We Eliana," alimwambia Anselm, "Mjomba akifa, utamrithi nani?"

Eliana alimgeuzia kisogo.

Mwishoni mwa mwaka ikatangazwa kwamba Jumamosi kabla ya Krismasi kamati ya kituo itakuja kuwaona wote wawili wakiendesha kutoka mlango wa darasa hadi getini, ili ichague wa kupewa kile kiti. Eliana alirudi nyumbani mgongoni mwa Jenipher. Walipofika kwenye yale mawe, Jenipher akamtua kupumzika. Hapo ndipo Eliana alipomweleza lililokuwa moyoni.

"Mwalimu atashusha swichi, halafu ataenda getini kukaa na kamati. Wewe ndiye utakayebaki nyuma yangu kunifunga mkanda. Izungushe tu, dada. Mara moja."

Jenipher alimtazama. "Na ukishapewa kile kingine? Hicho hakina Mjomba."

"Nitajifunza nikiwa nacho nyumbani."

"Utagonga watu barabarani, Eliana. Utajigonga mwenyewe."

"Basi baki unibebe." Eliana aliyasema haya taratibu, akijua yanakokwenda kuchoma. "Au wewe sekondari huitaki?"

Jenipher alichuchumaa, akasema, "Panda," na siku ile alipanda kilima bila kumtania mtu njiani.

Jumamosi ilifika na upepo wake wa Singida, ule unaorusha vumbi mpaka ndani ya chai. Kamati iliketi kwenye viti karibu na geti. Mwenyekiti wake, Mzee Alute, alikuwa amevaa koti zito, akasimama peke yake kando ya njia, maana alitaka kuona kwa karibu.

Anselm alitangulia. Alikwenda kama mtu aliyekunywa pombe. Alikata kona mapema mno, akagusa nguzo, akasimama, akarudi nyuma, akavuta pumzi, akaizunguka. Shingo ilimcheza, mkono ukaruka ukatoka kwenye fimbo, kiti kikasimama, akaushika tena. Ilichukua muda mrefu hadi mama mmoja wa kamati akaanza kupiga miayo. Lakini alifika getini. Alipohamishiwa kwenye benchi, shati lake lilikuwa limelowa chapa.

Kisha Eliana akaketishwa kwenye kiti kile kile. Mwalimu Yunisi aliitazama swichi, akahakikisha iko chini, akaondoka kuelekea getini. Jenipher akainama kufunga mkanda. Eliana alisikia mlio mdogo nyuma ya mgongo wake, *tk, tk*, na pumzi ya dada yake ikawa fupi.

Akaisukuma fimbo. Kiti kikaondoka laini kama mafuta. Kikakata kona ya kwanza, kikaipita nguzo kwa adabu zake, kikakata ya pili. Wanakamati walitazamana wakitikisa vichwa kwa kuridhika. Mwalimu Yunisi alisimama, mikono kifuani, machozi yakimlenga kwa furaha.

Eliana alipofika karibu na Mzee Alute, alimwamkia shikamoo kama mtoto yeyote aliyelelewa angefanya. Mzee akaitika marahaba, na kwa kuwa alikuwa amefurahi, akamnyoshea mkono.

Sasa, mkubwa akikunyoshea mkono huupokei kwa kushoto, wala huuachi ukining'inia hewani. Eliana alikuwa na mkono wa kulia tu, nao ulikuwa kwenye fimbo. Hakufikiri. Mkono wenyewe ulikwenda, kama ulivyofundishwa tangu akiwa mdogo. Aliiacha fimbo, akampa mzee mkono, akainamisha kichwa.

Na kiti kikaendelea kwenda.

Mzee Alute alikuwa wa wale wazee wasiouachia mkono mpaka wamalize habari za nyumbani kote. Alijikuta anatembea kando ya kiti huku akiuliza habari za mama, akaongeza mwendo akiuliza habari za shule, na kabla hajafika kwenye habari za mifugo alikuwa anakimbia mchakamchaka, koti likipepea. Kiti kiliwachukua wote wawili hadi mwisho wa utepe, kikasimama. Mtoto mmoja nyuma alicheka. Wengine hawakucheka, maana walikuwa wanajua: kwa alama ya chini, ukiiachia fimbo, kiti husimama hapo hapo. Walikuwa wamemwona Anselm.

Mwalimu Yunisi alikuja polepole. Alizunguka nyuma ya kiti akainama. Alipoinuka, uso wake ulikuwa umebadilika.

"Swichi iko juu," alisema. "Niliiacha chini. Nani kaigusa?"

Eliana aliona sura za wanakamati zikimkazia macho, akaona Januari, akaona mlango wa nyumba yao ukiwa umefungwa na yeye ndani. Neno likamtoka kabla hajalipima.

"Anselm. Alikuwa kwenye kiti kabla yangu."

Watu wote wakamgeukia Anselm kwenye benchi. Kijana hakukasirika. Alijaribu kuinua mkono wake wa kulia, ukaruka ukapiga hewa. Akainua wa kushoto, nao ukaenda ulikotaka wenyewe.

"Chai hapa nanyweshwa," alisema, akiyavuta maneno moja moja. "Bomba nafunguliwa. Hiyo swichi ningeizungusha kwa ulimi?"

Hakuna aliyecheka safari hii. Jenipher akasogea mbele, akaanza kusema kwamba ni yeye, ni yeye peke yake. Eliana alimsikia dada yake akijitwika na hili pia, juu ya yote aliyombeba miaka yote ile, na akaona hapana.

"Mimi ndiye niliyemtuma," alisema. "Alikataa, nikamlazimisha. Na bega halijawahi kuniuma, Mwalimu. Anselm hakufanya kitu."

Mzee Alute alikuwa bado anahema. Alijifuta vumbi kwenye koti, akasema kwa sauti ya chini kwamba amekimbizwa na mambo mengi katika maisha yake, lakini hajawahi kukimbizwa na uongo wa mtoto. Kisha akaenda kuketi. Hakumpa mkono tena.

Kiti cha stoo kilikwenda na Anselm. Walikivua nailoni siku ile ile, na wiki ile akapanda treni nacho kurudi Kintinku. Alipoaga alimwambia Eliana, "Mjomba nakuachia wewe."

Mama alipoelezwa, alisema Kinyaturu mfululizo, lugha aliyoitumia akiwa na uchungu. Jenipher alitaka kubaki. Alisema ataandikisha jina mwakani. Mama akakataa. Alisema nafasi ya shule haimsubiri mtu, na kama kuna mtu wa kukaa nyumbani ni yule aliyejikalisha mwenyewe. Januari Jenipher akaondoka na sanduku la bati kichwani. Alimkumbatia mdogo wake kwa muda mrefu, na Eliana akahisi mgongo ule kwa kiganja chake, ulivyokuwa mwembamba.

Mwaka ule Eliana aliuona kutokea mlangoni. Aliwaona wenzake wa darasa wakipita asubuhi na kurudi mchana. Mwanzoni walisimama kumsalimu na kumweleza walichofundishwa. Baadaye wakawa wanampungia mkono tu. Baadaye tena wakawa wanapita wakizungumza mambo yao. Nzi walikuja, jua likahama kutoka kizingiti hiki hadi kile, na hesabu alizokuwa akizijua kwa moyo zikaanza kumtoka moja moja.

Ila mama hakumwacha. Ilipopita miezi ya mwanzo, alikodi toroli la mchukuzi wa sokoni, akampakia Eliana kati ya madumu ya mafuta, akamshusha kituoni kila alipokuwa akielekea sokoni, kwa kuwa kituo kilikuwa njiani mwake, ila shule haikuwa. Wapita njia waliuliza kama binti naye anauzwa kwa lita. Eliana aliinamisha uso. Hakuwa na dada wa kumjibia.

Mwalimu Yunisi alimpokea bila tabasamu na bila matusi. Alimketisha kwenye kiti cha kujifunzia, akaizungusha swichi hadi chini mwenyewe, akasema, "Endesha."

Eliana aligonga nguzo. Alipanda vitalu vya maua. Alikwama mlangoni mwa jikoni, na watoto wapya, ambao hawakumjua zamani, walimcheka kama Anselm alivyochekwa. Fimbo ilimtoa malengelenge kwenye kiganja, na safari hii hakumwambia mtu. Uendeshaji ule ulidai jambo dogo sana, vidole kujua kiasi gani ni kiasi, na jambo hilo hakuna aliyeweza kulifanya kwa niaba yake. Mvua zilikuja zikaisha. Alizeti zikavunwa. Siku moja alitoka darasani akafika getini, akageuza, akarudi, ndipo akagundua kwamba hajagusa kitu.

Mwalimu hakuishia hapo. Alimtoa nje hadi barabarani, penye mashimo, mbuzi na baiskeli, akitembea kando yake juma baada ya juma. Aliporidhika alikwenda kwa kamati. Akawaambia kwamba watoto wa kujifunza wanakuja mchana na kiti hulala asubuhi nzima, basi Eliana akitumie kwenda shule na akirudishe mara tu shule ikitoka. Mzee Alute aliuliza swali moja tu, swichi itakuwa wapi. Mwalimu Yunisi akamwambia kwamba kile kisanduku cha chini ya kiti kitakuwa kinang'olewa na kubaki kituoni. Mzee akakubali.

Januari iliyofuata, wenzake Eliana waliingia darasa la sita. Yeye alipangiwa la tano, lile alilolikosa. Asubuhi ya kwanza Mwalimu Yunisi alimsindikiza hadi lango la shule, akasimama pale, akamwekea mkono begani.

"Ile mashine haikuletwa kukufikisha mahali," alisema. "Ililetwa ikufundishe, halafu iondoke. Wewe ulitaka ikufikishe tu. Kila siku uliyosema bega linauma, uliuibia mkono wako mwenyewe. Halafu ukataka kumwibia Anselm jina lake. Jina la Anselm lilirudi siku ile ile, maana ulisema kweli, na kwa hilo nakushukuru. Lakini mwaka wako haurudi, mwanangu. Ukweli ukiusema unakutoa kwenye uongo, ila haukurudishii kilichokwishapotea. Ndiyo maana ni vizuri kuusema mapema."

Eliana akasema, "Ndiyo, Mwalimu," akaisukuma fimbo.

Darasani walisogeza dawati kumpa nafasi. Kila mtu mle alikuwa mdogo kwake. Binti mmoja wa mbele, mwenye meno yaliyoachana, alimtazama juu hadi chini bila aibu yoyote.

"Wewe ni mkubwa hivyo," aliuliza, "mbona uko darasa letu?"

Zilikuwepo sababu nyingi ambazo mtu angezikubali. Miguu, mkono, baba aliyepotea machimboni, dada aliyekwenda mbali. Zote zilikuwa za kweli, na yoyote ingemtosha yule mtoto.

"Nilidanganya kwenye mtihani wa kuendesha kiti," alisema Eliana. "Nikakaa nyumbani mwaka mzima."

Binti yule akafikiri kidogo, kisha akasogea, akafungua kitabu cha hesabu katikati yao wawili.